Shoka la Mzee Zabron

Jumatatu, 7 Julai 2025

Nimerudi kutoka Tunduma na grenda, mashine ya umeme ya kunolea. Mpya! Ndani ya boksi! Muuzaji kaapa kwamba haishindwi na kitu, na muuzaji atadanganyaje? Hapa Hasamba wanaume bado wanasugua visu kwenye jiwe na maji kama wanafua soksi. Kinara wao ni Lusubilo, na kinoo alichorithi kwa babu yake. Shoka moja, asubuhi nzima! Na bado anamtolea macho Tusekile, wakati barua yangu ya posa iko kwa baba yake Tusekile tangu Ijumaa.

Jumanne, 8 Julai

Baba mwenyewe, Mzee Zabron, kasema ataifungua Jumamosi, tukishapasua kuni za sikukuu ya mavuno kanisani. Kwanza anataka aone mtu anavyoshika kazi. Nikamwomba shoka lake nilinoe. Akasita. Eti lilifuliwa na babu yake, halijaguswa na kitu zaidi ya kinoo. Maskini shoka, limeteseka! Mwishowe kanipa.

Jumatano, 9 Julai

Cheche! Kuku wa mama wamehamia kwa jirani. Lusubilo kapita, kaniambia nitie maji, chuma kinaungua. Wivu huo. Nikakandamiza zaidi. Makali yakageuka bluu, bluu ya kung'aa! Kinoo chake kimewahi kutoa rangi? Nikajaribu kwa kidole: damu papo hapo. Dakika nne tu, kazi imekwisha.

Ijumaa, 11 Julai

Umeme hakuna. Lusubilo kanoa visu vyote vya akina mama wa kanisa. Nimekaa na grenda mapajani, nikimhurumia.

Jumamosi, 12 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Mzee alilinyanyua shoka mbele ya waumini wote, akatangaza limenolewa na mimi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Pigo la kwanza kwenye gogo la mkaratusi, sawa. La tatu, makali yakajikunja kama ukingo wa chapati! Mama Tabita, mkuu wa wapishi, akauliza kama hilo ni shoka la kuni au upawa wa uji. Hata mchungaji alicheka.

Mzee hakucheka. Akapapasa ile bluu kwa kidole gumba. Niliona aibu, aibu ya kweli, karibu dakika nzima. Lusubilo akaeleza kwamba chuma kikiungua hulainika, akampa Mzee shoka lake mwenyewe. Kuni ziliisha kabla ya chai. Barua haikufunguliwa.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada Mzee kaniita. Kanirudishia shoka, na barua yangu ikiwa bado imefungwa, na kinoo cha Lusubilo! Lusubilo kakubali kuniazima. Anajipendekeza. Mzee kasema nitumie jiwe, maji na subira, niondoe sehemu iliyoungua polepole hata kama ni wiki tatu. Makali yakirudi, nilete shoka na barua pamoja, ataisoma. Tusekile kanivuta pembeni, kanisihi safari hii nisikie ninachoambiwa. Alikuwa na machozi. Ya furaha, bila shaka.

Nimeguswa sana. Na kinoo chenyewe, jamani, kizuri! Kizito, bapa. Nimekiweka chini ya mguu mfupi wa meza ya grenda, haichezi hata kidogo. Umeme umerudi. Wiki tatu za nini? Nampelekea Mzee shoka lake leo hii hii.