Diski ya Ukoo na Firigisi ya Wanzala

Jumatatu, 15 Desemba 1997

Diski ya ukoo imelala kwangu. Kamati iliamua hivyo: siku moja kwa Wanzala, siku moja kwangu. Ina nyaya mbili, mmoja wa kompyuta yao, mmoja wa yangu. Hakuna anayemwamini mwenzake, na ni vizuri.

Ndani kuna historia yote ya ukoo. Mzee Osundwa, mkubwa wa ukoo, ataisoma kwenye sherehe Jumamosi. Babu yetu alioa wake wawili, na nyumba ya nyanya aliyeolewa kwanza ndiyo itakayokula firigisi ya kuku, imondo yenyewe, mbele ya watu wote. Miaka yote imekula nyumba ya Wanzala, binamu yangu. Eti nyanya yao ndiye wa kwanza. Eti! Nani aliona?

Mpango wangu ni mdogo. Nibadilishe neno moja. Wangu awe wa kwanza, wao wa pili.

Nikaichomeka kwa Windows yangu. Ikasema diski haijafomatiwa, je, niifomati? Nikaichomoa haraka. Mideva amenifungia! Huyo ndiye mke wa Wanzala, na ndiye mwandishi wa historia. Anafanya kazi kwa Makintoshi, kompyuta ya aina nyingine, ya mchapishaji mmoja kule Mukumu.

Jumanne, 16 Desemba

Nimerudisha diski. Mideva akanikaribisha chai. Kwa nini chai?

Nikamuuliza kwa heshima. Akasema, shemeji, imefomatiwa kwa njia ya Makintoshi, Windows yako haiwezi kuisoma. Lakini Makintoshi yake inasoma za Windows, kwa hivyo Ijumaa, akishapata pa kuhamishia vilivyomo, ataifomati upya ili sote tuisome. Kwa sasa ikiniuliza chochote, nikatae.

Yaani yake inasoma zangu, yangu haisomi zake! Ndivyo walivyo watu wa Wanzala. Kwako wanakula, kwao jiko limezimwa.

Halafu akatabasamu. Akasema kuna jambo Mzee alimwambia Jumapili litakalonifurahisha. Tabasamu gani hilo? Chai sikumaliza.

Jumatano, 17 Desemba

Siku yangu. Dinah, mke wangu, akasema niiache, shemeji alikataza. Nikamwambia ndiyo maana. Mtu hakatazi mahali pasipo na kitu.

Kompyuta ikauliza tena. Ikaonya kwamba vyote vilivyomo vitafutika. Maonyo! Nusu ya mageti ya Kakamega yameandikwa Mbwa Kali, na ndani hakuna hata paka. Nikabonyeza ndiyo.

Ikafunguka! Niliruka hadi nikamwaga uji.

Nikatazama ndani. Tupu. Hakuna ukoo, hakuna picha za wazee, hakuna chochote. Kumbe hiyo ndiyo siri yao! Mideva hajaandika kitu! Miezi minne anakunywa soda za kamati bure. Nimempelekea Mzee ujumbe.

Alhamisi, 18 Desemba

Mzee Osundwa alituita kwake. Nilizungumza vizuri sana, diski mkononi.

Mideva akauliza swali moja tu. Shemeji, ulibonyeza ndiyo? Nikasema hilo si swali la kikao. Akashika kichwa. Kompyuta yake ni ndogo, akasema, picha ziliijaza, ndiyo maana kila kitu kiliwekwa kwa diski.

Mzee akaichukua diski, akampa Mideva. Kisha akasema kwamba Jumapili alikumbuka ng'ombe wa mahari. Wa nyanya yangu walipelekwa mwaka wa nzige, kabla ya wale wa nyanya ya Wanzala. Wangu ndiye wa kwanza! Mideva akaandika hivyo kwenye diski siku ileile. Wanzala mwenyewe alikubali.

Na mimi nimefuta.

Imebaki nakala ya karatasi ya mwezi uliopita, ambayo bado inasema wa pili. Nikamwomba Mzee aseme kwa mdomo tu. Akakataa. Ukoo ulikubaliana kisomwe kilichochapwa, na akisema mengine, watasema mimi, Protus, nimemhonga jogoo. Nililia njia nzima. Siandiki zaidi.

Jumamosi, 20 Desemba

Wanzala amekula firigisi. Alitafuna polepole, akinitazama. Mimi nilipewa shingo.

Jumapili, 21 Desemba

Mideva amekuja na diski. Amechapa yote upya kutoka kwa karatasi, na Mzee amemwambia tena habari ya ng'ombe. Kitachapwa kitabu kipya, kisomwe Pasaka. Akasema, shemeji, safari hii imefomatiwa kwa njia ya wote, ikague, nakala nyingine hakuna.

Nikaichomeka. Ikafunguka mara moja, bila swali. Nyanya yangu, wa kwanza! Niliona kwa macho yangu. Nilimshukuru Mideva hadi akaona haya.

Alipoondoka nikaanza kufikiri. Mbona imefunguka rahisi hivyo? Tangu nizaliwe hakuna kitu cha nyumba ya Wanzala kilichonifungukia rahisi. Lazima ameficha kitu humo, kinasubiri Pasaka.

Nimeifomati. Sasa ni safi kabisa.

Dinah anauliza historia iko wapi. Nimemwambia asiwe na haraka, kwanza nijue Mideva anapanga nini.