Matundu ya Mkanda wa Meru

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Ukungu mpaka saa nne. Kaka Kaanaeli ameniomba nitoboe tundu jipya kwenye mkanda. La tatu tangu Pasaka. Kifua kinammaliza. Daktari alimrudisha nyumbani mwezi wa tano na chupa ya dawa na maneno machache. Kahawa hachumi tena, lakini kila asubuhi anajifunga mkanda wa ubingwa wa mieleka juu ya blanketi.

Historia ya mkanda huu inasomeka kwenye matundu yake. Ulishonwa mwaka 1948 na Bwana Gulzar Singh, fundi ngozi wa mjini na mwandaaji wa mapambano yetu, kwa ngozi ya tandiko kuukuu la farasi na bamba la shaba la mashine ya kumenyea kahawa. Tundu la kwanza ni la Saruni wa Oldonyo Sambu, mwembamba kama fimbo yake, aliyeuvaa hata mnadani akiuza mbuzi. La mwisho kabisa ni la Solomoni wa Poli, mwenye tumbo. La katikati ni la kaka, tangu 1952. Haya mapya, yanayokaribia bamba, sitaki kuyaandika.

Tatizo ni Kanuni ya Saba. Bingwa asiyepigana miezi kumi na miwili, mpinzani akiudai mkanda, auachie. Miezi ya kaka inatimia tarehe 31. Solomoni ameshaleta barua ya kuudai. Na Kanuni ya Saba niliiandika mimi, katibu. Kwa wino mwekundu!

Kaka anasema akifa bingwa, hana deni na dunia. Basi mkanda hautoki.

Jumanne, 7 Agosti

Nimegeuza “kumi na miwili” kuwa “ishirini na miwili” katika kitabu cha kanuni. Kazi safi. Nikampelekea Gulzar. Akasoma, kisha akanyoosha sindano yake ukutani nyuma yangu. Nakala nyingine, kwenye fremu. Mwandiko wangu. Nilikuwa nimesahau.

Akaniuliza kama miezi nayo siku hizi inazaana. Akasema anampenda Kaanaeli, lakini Saruni alipovunjika mguu alivuliwa mkanda kwa kanuni hiyohiyo, na aliyemvua, kalamu sikioni, alikuwa karani huyuhuyu.

Fundi ngozi hapaswi kuwa na kumbukumbu kiasi hicho.

Jumamosi, 11 Agosti

Fikra kubwa! Isale! Nimekata jani moja kwenye mpaka wa shamba, karibu na kaburi la babu, nikalipiga fundo. Mmeru akiletewa isale, jani la kuombea suluhu, hakatai. Hata aliyeuliwa ndugu hupokea. Solomoni atalipokea, nasi tutamwomba afute barua yake. Mpinzani asipodai, kanuni imelala.

Nimempa shemeji Evaresta, mke wa kaka, alipeleke Poli. Akauliza tumemkosea nini Solomoni. Nikasema ni mambo ya klabu. Akasema hajaona mtu apeleke isale bila kosa, labda apeleke na posa bila kijana. Lakini akaenda. Shemeji hajui mbinu.

Jumapili, 12 Agosti

Solomoni alikuja baada ya ibada, mkungu wa ndizi begani, jani langu mfukoni. Akaketi kando ya kitanda, kitanda kikalia. Akasema barua ameifuta. Ushindi! Nilisimama nimshike mkono.

Alikuwa hajamaliza. Akamwambia kaka kwamba ameisamehe na ile kengele.

Kaka akauliza kengele ipi.

Solomoni akasema ile ya 1952. Alikuwa amemlaza kaka chali, mwamuzi ameshahesabu mbili, tatu iko mdomoni, na kengele ya mapumziko ikalia. Kaka akapumzika, akainuka, akashinda. Miaka minne amengoja tuseme wenyewe. Sasa tumesema, kwa isale, kiungwana. Yamekwisha.

Wote wakanitazama mimi. Mpiga kengele nilikuwa mimi. Nikatazama saa yangu.

Kaka akaniuliza kama nilipiga mapema. Nikasema saa ilikuwa inakimbia. Akauliza ilikimbia kiasi gani. Nikasema sekunde arobaini.

Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Evaresta akaleta beseni. Kisha akafungua mkanda kwa mikono yake, akampa Solomoni. Solomoni akakataa. Akasema, “Ndugu yangu, nimekuachia kwa moyo, uvae.” Kaka akasema nguo ya mtu haivaliki ukishajua ni ya mtu.

Solomoni aliondoka na mkanda ndani ya koti, analia, mtu mzima yule. Sielewi. Mbinu ilifaulu kabisa.

Ijumaa, 17 Agosti

Kaka hanisemi. Ningependa aniseme. Blanketi limelala bapa pale mkanda ulipokuwa.

Nampimia dawa kila baada ya saa nne. Leo nilipotoa saa mfukoni akatabasamu kidogo. Akasema, “Eliasi, safari hii usinipigie mapema.”

Nilitoka uani. Nilikaa huko muda mrefu.

Jumatano, 22 Agosti

Tumemzika kaka leo. Alifariki jana asubuhi, dawa ikiwa bado kwenye kijiko. Nilikuwa nimechelewa dakika mbili.

Solomoni alichimba tangu alfajiri, hakumpa mtu jembe. Alikuja na mkanda, akataka uingie kaburini. Evaresta akakataa kwa upole: mumewe aliurudisha akiwa na akili zake, asibebeshwe tena. Akaomba tu yeye mwenyewe aguse tundu lile la mwisho kutobolewa. Akaligusa kwa kidole. Nililitoboa kwa msumari, halijanyooka.

Jumapili, 26 Agosti

Gulzar anataka historia ya mkanda iandikwe upya, itundikwe karakana. Amesema ya 1952 niandike kama ilivyokuwa, Kaanaeli mwenyewe aliinyoosha. Nimekaa na kalamu tangu chai. Nimeandika: “1952 hadi 1956, Kaanaeli. Hakuangushwa.”

Hakuangushwa! Sasa Gulzar ataisoma Jumamosi, na Solomoni atakuwepo.

Lakini nimepata njia. Nitampelekea Gulzar isale. Si desturi yake, najua, nitamweleza haikataliwi. Kosa la mara ile nimeligundua: jani lilikwenda bila maelezo. Safari hii nitaambatisha barua.

Nimeshakata jani, kando ya kaburi jipya. Pana, halina doa.