Kikombe cha Tatu Kinavyoharibu Wanagenzi Wetu

Kwa Bibi Yeshimebet Alemu,
Mkuu wa Utumishi, Ofisi ya Maji ya Mji,
Ghorofa ya pili, mlango wenye pazia.

Jumatano, mwezi wa Hidar.

YAH: MWANAGENZI ANAYEFUNDISHWA KAZI

Bibi mheshimiwa,

Kwanza nakuulizia hali: yako, ya watoto, ya mama yako na ya goti lake. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaoniuma, na anayeuumiza yumo humu humu ofisini, analipwa mshahara kila mwezi, na jina lake ni Zenebech, fundi mkuu wa mabomba, uliyemteua wewe mwenyewe kuwa mlezi wa wanagenzi.

Najua Ijumaa hii kamati yako inakaa kutoa nafasi moja ya ajira kwa mmoja wa wanagenzi wetu wawili, Bezawit au Natnael. Kwa hiyo nimeona niseme mapema, maana mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe unakaa ghorofa ya pili na pazia umelishusha.

1. Tulivyokuwa tukilea. Wewe na mimi tumekula chumvi nyingi katika ofisi hii. Unakumbuka mwanagenzi alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa akiinuka mkubwa anapoingia, na haketi mpaka aambiwe. Alibeba mkoba wa mkubwa, mwavuli wa mkubwa, na simu ya mkubwa iwapo mkubwa hataki kuipokea. Alijua nani anaweka sukari kwenye kahawa na nani anaweka chumvi. Akiondoka baada ya miezi yake, ameiva, yuko tayari kwa ajira yoyote serikalini, na hakuna bomba hata moja lililoguswa. Samaki mkunje angali mbichi. Natnael nimemkunja mimi mwenyewe, na nakuhakikishia mpaka leo hajanyooka.

2. Mabuti. Siku ya pili tu tangu Bezawit aripoti, Zenebech alimvisha mabuti ya mpira akamshusha mtaroni. Msichana wa chuo kikuu, Bibi! Niliwakuta wote wawili wamezama hadi magotini. Nikasema kwa upole, "Zenebech, huyu mtoto wa watu amekuja kujifunza." Akaniita Gashe, yaani kaka mkubwa, akanijibu bila kuinua kichwa, "Ndiyo anajifunza, Gashe. Nipokelee hiyo spana." Nikaipokea! Mimi, Mkuu wa Usambazaji, nimesimama na suti, nimeshika spana mbele ya vibarua, na mmoja wao ananiambia nisije nikaangusha.

3. Makosa ya hadharani. Hili ndilo linalonitia kichefuchefu. Unajua kwamba kilima cha Gebriel hupata maji usiku tu. Ni jambo la kawaida, kama baridi. Bezawit akaambiwa atafute sababu. Akapima, akachora, akasema bomba limeziba kwenye maungio ya chini. Vibarua wakachimba siku nzima. Bomba lilikuwa safi kuliko sahani za harusi. Vibarua wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi nikasogea, maana mambo ya kukemea hayataki mtu ayakose. Basi nikamsikia huyo anayeitwa mlezi akisema: "Umekosea vizuri, dada. Sasa tueleze kwa nini ulidhani hivyo, kisha chukua koleo utusaidie kufukia."

Umekosea vizuri! Nimekuwa katika ofisi hii tangu nikiwa na nywele zote, na sijakosea hata mara moja, kwa sababu sijawahi kufanya jambo ambalo mtu anaweza kulikosea. Hiyo ndiyo hekima inayopaswa kurithishwa kwa vijana. Badala yake msichana alifukia lile shimo huku machozi yanamtoka, kesho yake akarudi na mchoro mwingine. Haya ni malezi au ni ukaidi unaomwagiliwa maji?

4. Kahawa ya saa nne. Hapa nakuomba uketi kama umesimama. Sisi, kama watu wote wenye heshima zao, hunywa vikombe vitatu: cha kwanza, cha pili, na cha tatu ambacho ni cha baraka. Anayeondoka kabla ya cha baraka ameitukana nyumba. Zamani tulivinywa kwa amani, tukazungumzia bei ya ng'ombe wa sikukuu na ndoa za watu. Zenebech amegeuza kahawa hiyo kuwa mahakama. Kikombe cha kwanza, mwanagenzi anaeleza alichofanya jana. Cha pili, wakubwa wanamuuliza maswali. Mpaka hapo nilivumilia, ingawa mimi sikuwa na swali. Cha tatu, mwanagenzi anamuuliza mkubwa yeyote swali lolote, na mkubwa anatakiwa ama ajibu, ama aseme, "Sijui, twende tukaone."

Siku hiyo nilikuwa nimeketi karibu na jiko la mkaa, kikombe cha tatu kimejaa, cha moto. Bezawit akainama kwa adabu zote, akaniambia:

"Gashe Wubshet, ile vali ya kufungulia maji ya Gebriel, ndani ya uzio wa shule, iko wazi au imefungwa?"

"Iko wazi," nikasema.

"Uliiona lini, Gashe?"

Bibi, nilitazama mlango. Nilitazama kikombe. Ningeondoka, ningeikimbia baraka mbele ya watu kumi na mama wa kahawa. Ningekinywa haraka, ningeungua. Nikaungua. Ulimi ukiwa unawaka nikasikia sauti inasema, "Sijui, twende tukaone," na kwa fedheha kubwa nikagundua ilikuwa yangu.

Tukaenda. Vali ilikuwa imefungwa, karibu yote. Nani aliifunga na kwa agizo la nani si mada ya barua hii.

Wanasema kuuliza si ujinga. Kweli, si ujinga. Ni utovu wa adabu.

5. Hasara kwa ofisi. Tangu vali ifunguliwe, Gebriel wanapata maji mchana kutwa. Matokeo yake ni nini? Wazee wa Gebriel waliokuwa wakija kila Jumatatu kunilalamikia, kuniinamia na kuniombea maisha marefu, hawaji tena. Ukumbi wa kungojea umepoa. Mtu ambaye haombwi chochote atajuaje kwamba ni mkubwa?

6. Ugonjwa unaenea. Mlinzi wa getini ameniuliza kwa nini gari la ofisi hushinda limeegeshwa siku za kazi na hutoka Jumapili. Nyumbani nikamsimulia mke wangu jeuri ya yule binti, nikitarajia anipoze. Akakata injera, akatafuna, akameza, akaniuliza, "Ehe, kwani wewe kazi yako hasa ni ipi?" Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuniuliza! Nililala njaa, Bibi, kwa sababu kuendelea kula kungekuwa kukubali swali. Kama Zenebech mmoja na mwanagenzi mmoja wamefika mpaka sinia ya nyumbani kwangu, ofisi zote za nchi zikiiga mtindo huu tutabaki na nani wa kuheshimiwa bila sababu?

Kwa hayo machache naomba:

Zenebech avuliwe ulezi, apelekwe stoo akailee misumari.

Kikombe cha tatu kifutwe saa za kazi. Kuhusu baraka, nitaongea na padri mwenyewe.

Na Ijumaa, nafasi apewe Natnael. Bezawit atapata kwingine. Ana miguu, ana mabuti, na kwa bahati mbaya ana kazi mikononi. Natnael hana pa kwenda. Kijana huyu katika miezi yake yote hajaniuliza swali hata moja. Jana tu nilimkuta amesimama kwenye ukumbi, nikamwambia, "Kaa, mwanangu," akakaa, na nilipotoka jioni bado alikuwa amekaa. Hao ndio vijana wa kujenga ofisi.

Nisalimie mumeo, nisalimie dereva wako, nisalimie wanakamati wote kwa vyeo vyao, na yule karani wako mwenye kikohozi mwambie anywe tangawizi. Mama wa kahawa usimsalimie. Naye ameanza kuuliza.

Ni mimi niliyeonewa, mwenye kukuheshimu kuliko unavyojua,

Ato Wubshet Gebeyehu,
Mkuu wa Sehemu ya Usambazaji.

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha nilipoambiwa kwamba yule bwana wa Ofisi ya Barabara yuko ghorofani kwako sasa hivi, anakunywa chai yako, anamtaka Bezawit kwa mshahara mkubwa kuliko wetu. Bibi Yeshimebet, nakusihi kama dada yangu, usimpe! Ana haki gani? Bomba kuu la sokoni limepasuka tangu asubuhi, na nani unadhani yuko shimoni na Zenebech? Mimi? Nikimpoteza huyu binti nitamuuliza nani? Ijumaa mpeni nafasi, mpeni na dawati langu la dirishani kama analitaka, na Zenebech asiguswe hata ukucha. Barabara wapewe Natnael, amelelewa vizuri. Na yule bwana akikuuliza binti huyu kajifunza wapi kazi nzuri namna hii, mwambie amelelewa na Wubshet.