Kuandikwa Kwangu Kama Chanzo cha Ugonjwa

Kitale,
12 Mei 2006

Kwa Afisa wa Afya wa Wilaya,

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, kwani mimi nimechafuliwa jina. Ninaitwa Josephat Mukhwana, mzaliwa wa Bungoma, mzee wa kanisa na mwenye ploti ya vyumba kumi na vinne vya kupangisha hapa Kitale. Ninamshtaki muuguzi wa zahanati yetu, Sista Lorna Jepchirchir.

1. Kama ujuavyo, mgonjwa huenda zahanati na daftari lake, muuguzi akaandika humo ugonjwa na dawa. Wapangaji wangu tisa wamerudi na madaftari yaliyoandikwa: "Ugonjwa: kuhara. Chanzo: ploti ya Mukhwana." Mheshimiwa, sijawahi kumwambukiza mtu chochote.

2. Wapangaji hao hurudi kwake kila mwezi. Badala ya kuona haya kwamba dawa zake hazina nguvu, analaumu kisima changu.

3. Alikuja kwenye ploti bila kualikwa akahesabu hatua kutoka choo hadi kisima. Alipata kumi na moja. Mimi niliyevichimba nasema ni kumi na nne. Sista ana miguu mirefu, kwa hivyo hesabu yake haiaminiki.

4. Anadai choo kimoja hakitoshi vyumba kumi na vinne. Alisomea dawa, mambo ya vyoo ana cheti gani? Tukimwachia choo leo, kesho atauliza mbona vyumba havina madirisha, na kesho kutwa mbona watu wanalala njaa. Hapo hatutakuwa na zahanati tena.

5. Kevin wa chumba cha sita sasa hunisalimia mbele ya watu, "Sasa, Chanzo?" Hili limeniuma sana.

Kwa heshima, naomba ahamishiwe Lwakhakha, ambako sina ploti.

Wasalimie wote hapo ofisini, na mama watoto pia.

Wako mwaminifu,
J. Mukhwana

N.B. Nilikuwa nimeshaandika haya mjukuu wangu Ivy, wa miaka mitatu, alipoanza kuhara na kutapika. Hucheza na watoto wa ploti na hunywa wanachokunywa. Niliogopa sana, Mheshimiwa. Sista Lorna alikaa naye siku mbili, na leo asubuhi amekunywa uji. Tafadhali asihamishwe. Mafundi wanachimba choo kingine, hatua sitini kutoka kisimani, na cha zamani tutakifukia. Katika daftari la Ivy, Sista aliandika "kuhara" tu. Pale pa chanzo aliacha wazi, nadhani kwa kuniheshimu. Nimepajaza mwenyewe.