Mtu wa Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Saa nne asubuhi nimemuua baba. Saa nne na robo Bwana Chanzo amemfufua.

Niandike vizuri, shajara hii isije ikasomwa na polisi. Miaka thelathini na moja iliyopita paa la kiwanda cha nguo liliporomoka. Makala ya kiwanda hicho kwenye ensaiklopedia ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea kama mimi, inasema walikufa watu kumi na mmoja. Uongo. Walikufa kumi na wawili, na wa kumi na mbili ni baba. Alikuwa kibarua, kachukuliwa getini asubuhi ile ile. Kiwanda kilihesabu walioajiriwa tu. Baba hakuwa kwenye daftari, kwa hiyo hakufa.

Mama moyo wake umechoka. Daktari amemwambia mdogo wangu, fundi cherehani anayekaa naye, tujiandae. Mama amesema hana anachotaka duniani ila kusikia makala ile ikisema kumi na wawili kabla hajaondoka. Kazi ndogo. Ni neno moja tu: leo nimeliandika, na Bwana Chanzo, mhariri mwenzangu wa kujitolea, akalifuta.

Jumanne, 4 Machi

Nimelirudisha neno mara tatu. Sheria ya ensaiklopedia hairuhusu mara ya nne kwa siku moja. Bwana Chanzo (namwita hivyo kwa sababu hana neno jingine mdomoni) ameandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba anasikitika, ila gazeti la wakati ule linasema kumi na mmoja. Chanzo changu kiko wapi? Nikamjibu chanzo ni mimi. Akajibu, kwa adabu zote, kwamba mtu si chanzo.

Nina mvi. Nina watoto wanne. Mimi si chanzo.

Haya yote nayafanya kazini, kwenye kompyuta ya duka la uchapaji. Mteja mmoja leo kapewa vyeti vyake vimechapwa kichwa chini.

Jioni nimepita nyumbani. Mama kauliza kutoka kitandani: leo baba yenu kafa au hajafa? Mdogo wangu akaangalia simu, akasema alikufa saa nne, saa tano akawa hajafa, sasa hivi haeleweki. Mama akageukia ukutani.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango. Nimefungua akaunti ya pili, Mpita Njia, mtu asiyemjua yeyote, ameguswa tu na haki. Yule wa kwanza, Mkweli, yaani mimi, ataungwa mkono na umma. Wawili kwa mmoja. Hesabu haidanganyi.

Nimeandika: "Mimi simjui huyu Mkweli wala sijawahi kumwona, lakini ana busara isiyo ya kawaida." Nikabonyeza. Nikaangalia sahihi chini ya maneno yale. Mkweli.

Nilisahau kutoka kwenye akaunti ya kwanza. Kufuta hakusaidii, kila kitu kinabaki kwenye historia ya ukurasa mpaka kiama.

Ijumaa, 7 Machi

Ameletwa Msuluhishi. Ni mwalimu mstaafu, mama mtu mzima, anaandika kama anasahihisha daftari. Kaifunga akaunti ya Mpita Njia. Pole yake, hakuishi hata siku mbili. Kisha kaonya kwamba vita vikianza tena ataufunga ukurasa kama atakavyoukuta, hata ukikutwa na kosa, maana msuluhishi hachagui upande.

Akatutaka kila mmoja aandike aya moja: atakubali nini? Bwana Chanzo aliandika kwamba atakubali kumi na wawili siku hiyo hiyo, ukipatikana ukurasa mmoja tu unaosema hivyo. Mimi aya yangu niliitumia kueleza tabia zake. Ilitoka ndefu kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Mama amelazwa. Nimekaa kwenye benchi la korido, kompyuta mpakato magotini. Wauguzi wananiruka miguu.

Bwana Chanzo kaniachia ujumbe. Eti amekwenda maktaba, kaipata ripoti ya tume iliyochunguza ajali. Ukurasa wa arobaini na sita una orodha ya vibarua, wino umefifia, majina mengine hayasomeki. Je, namfahamu yeyote aliyekufa? Nimtajie jina alilinganishe.

Mtego! Nikitaja jina la baba atajua mimi ni mwanawe, atasema nina maslahi binafsi, nitafukuzwa. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Sijamjibu.

Mdogo wangu akasema nimpe jina. Nikamwambia mambo haya yana wenyewe. Akaniuliza kwani namtaka baba au namtaka Bwana Chanzo. Swali la kishamba. Nimehamia benchi jingine.

Jumanne, 11 Machi

Wanataka chanzo? Nimewachapia. Kijitabu, kurasa nane, jalada la kijani: Historia Fupi ya Kiwanda cha Nguo. Ukurasa wa tatu: "Walikufa watu kumi na wawili, hili halina ubishi." Nakala ishirini. Nikakitaja kwenye makala kama marejeo, nikaambatisha picha za jalada, mbele na nyuma. Nilijiona mtu.

Saa nane simu ya duka ikalia. Msuluhishi. Namba kaikuta kwenye jalada la nyuma, mashine yetu huichapa yenyewe. Akauliza kama namfahamu mwandishi. Nikasema ni mtu makini sana, yuko safarini. Akauliza mbona sauti ya nyuma inasema "acha simu za ensaiklopedia, kuna wateja." Ni bosi.

Nimefungiwa wiki moja. Naandika rufaa.

Alhamisi, 13 Machi

Mama amefariki saa saba mchana.

Mdogo wangu alinipigia mara tatu. Simu niliizima sauti, nilikuwa ukurasa wa tisa wa rufaa. Nilipofika walikuwa wameshamfunika uso.

Anasema Mama aliuliza mara ya mwisho, imefika ngapi. Nikamuuliza alimjibu nini. Alimjibu kumi na mmoja. Nikamfokea, angeshindwa nini kusema kumi na wawili? Akasema hakuweza kumdanganya mtu anayeondoka.

Nimelia chooni hospitali.

Jumatano, 19 Machi

Mazishi yamepita. Leo mdogo wangu kanipa simu, kasema soma.

"Walikufa watu kumi na wawili, mmoja wao kibarua aliyeanza kazi asubuhi hiyo." Na majina ya baba, yote matatu. Marejeo: ripoti ya tume, ukurasa wa arobaini na sita. Kumbe siku ya mazishi mdogo wangu mwenyewe alimwandikia Bwana Chanzo. Akamtajia jina, akampigia picha kikaratasi cha kuingilia getini ambacho Mama alikihifadhi kwenye sanduku la nguo. Bwana Chanzo alirudi maktaba siku iliyofuata. Ametuma na pole. Mdogo wangu keshausoma mstari ule mbele ya kitanda kitupu.

Ni mstari mzuri. Nimeusoma mara nyingi. Lakini umeandikwa na Bwana Chanzo! Mwanamume amkose baba miaka yote hii, halafu azikiwe na mgeni?

Kifungo changu kiliisha jana. Nikautengua mstari wake, ule wa zamani ukarudi, kwa dakika moja tu, niuandike upya kwa mkono wangu. Maneno yale yale, jina lile lile.

Niliporudi kuuweka, ukurasa ulikuwa umefungwa. Msuluhishi. Kaufunga kama alivyoukuta, kwa mwaka mzima. Watu kumi na mmoja. Na Mkweli kafungiwa maisha.

Mdogo wangu kaniuliza jioni hii lile swali la Mama, kama baba kafa au hajafa. Nimemwambia avute subira, nimeshafungua akaunti mpya, na safari hii nina mpango.