Malalamiko Kuhusu Velma na Mgongo Wangu

Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Soko, Chepilat.

Mzee Kiplangat,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Okemwa Atuti, mkulima wa chai hapa bondeni, yule mwenye mgongo. Naomba ukifunge chumba cha masaji cha Velma, kando ya duka la mbolea, kwa sababu hizi:

1. Watu wanapona. Wachumaji waliokuwa wakitoka shambani wameshika viuno sasa wanatembea wima. Velma amewaeleza kwamba kukandwa hulegeza misuli, huendesha damu vizuri, huleta usingizi na kupunguza wasiwasi. Yote ni kweli, ndiyo maana nalalamika.

2. Mke wangu, Nyabate, amekandwa mabega mara tatu. Zamani akishatua kikapu cha chai hakuwa na nguvu hata ya kuniuliza nimeshindaje. Sasa anauliza. Wasiwasi nao umemwisha, hasa ule wa kunionea huruma.

3. Mgongo wangu una miaka kumi na mmoja. Uliniuma kweli, kwa wiki mbili. Tangu hapo umeniepusha na kuchuma chai, kupalilia na kuchimba makaburi. Kanisani nimewekewa kiti chenye mto. Kwenye sherehe za vijana kutoka jandoni naletewa supu kabla ya wazee walionizidi umri. Mwenyekiti, nikiponywa nitabaki nani?

4. Nyabate alinipeleka kwa nguvu. Velma akaniuliza panapouma, nikamwonyesha kushoto. Wiki iliyofuata nikamwonyesha kulia. Kumbe huyo binti huandika kila kitu kwenye daftari, akamsomea mke wangu kwamba maumivu yangu yanahama. Kisha akanikanda hadi nikakoroma. Nilijisikia vizuri sana, na hilo limenihuzunisha.

Kama kufunga ni vigumu, basi akatazwe kugusa maumivu yaliyozidi miaka kumi.

Unisalimie mama watoto, kamati yote, na hata Velma mwenyewe, maana mikono yake haina ubaya.

Wako mgonjwa,
Okemwa Atuti

Nyongeza: Barua hii nimeileta mwenyewe kwa miguu, nikapanda mlima wote bila kupumzika. Nimekuta ofisi imefungwa, nikainama kuisukuma chini ya mlango. Nimeivuta tena ili niongeze haya, kwa sababu nilipoinuka nilimkuta Nyabate nyuma yangu na vikapu viwili. Usijisumbue kunijibu nyumbani. Kuanzia leo utanipata shambani.