Marafiki wa Kunibeba

Jumatatu, 3 Novemba

Leo tumemzika Kamen, aliyefundisha kemia chumba cha pili kutoka darasa langu la jiografia. Waombolezaji: kasisi, mimi, na Nayden wa ghorofa ya chini. Jeneza wamelibeba wachimba kaburi, mmoja akitafuna mbegu za alizeti. Nikaiona zamu yangu. Daktari ameshasema moyo wangu hautafika majira ya machipuko. Mke alishatangulia. Mtoto sina. Nani atanibeba?

Nayden hana wasiwasi. Ana wapwa, mabega kama milango. Njiani akasema siku yake barabara itafungwa, “lakini wewe, Mwalimu, watakuleta kwa toroli la saruji.” Mshenzi!

Muuguzi Iskra alipokuja kunidunga sindano nikamlalamikia. Akasema nijiunge na mtandao wa kijamii. Eti humo unakutana na watu wapya wanaopenda unayoyapenda, unawapata na waliopotea, wala hushuki ngazi. Nikauliza kama wana nguvu. Hakuelewa. Afadhali.

Jumanne, 4 Novemba

Nimejiunga! Wametaka picha. Nzuri ninayo moja tu: ya tangazo langu la kifo, litakalobandikwa mlangoni na kwenye kituo cha basi kama ilivyo desturi yetu kwa kila anayekufa. Karatasi ilishachapwa, imebaki tarehe. Nikaipiga picha kwa simu, nikayakata maneno. Nimetoka vizuri. Tai, nywele, kila kitu. Nikawaomba urafiki wanafunzi wote niliowakumbuka, kundi la wapenda ramani, na wageni kadhaa wenye sura za afya.

Jumatano, 5 Novemba

Ajabu! Ujumbe kwa mamia! Mmoja anaendesha lori Chicago: “Nilimwogopa kuliko baba, lakini hadi leo sipotei njia.” Mwingine yuko Bari, analia. Mpenda ramani wa Varna, mgeni kabisa, anasikitika kwamba tumefahamiana kwa kuchelewa. Kuchelewa nini? Nikaitazama picha tena. Fremu nyeusi. Sikuikata fremu nyeusi ya marehemu!

Naungama: nilianza kuandika kwamba mimi ni mzima. Nikafika neno la pili. Ukaingia ujumbe mwingine: “Hatukupata tena mwalimu kama yule.” Maisha yote ya ualimu hakuna aliyeniambia hivyo. Nikafuta. Nikawagawia wote alama ya moyo. Mtu akaandika, “Masikini, mjane wake ndiye anayejibu.”

Alhamisi, 6 Novemba

Wanauliza mazishi lini. Nimejibu kama shemeji wa marehemu: kaburini ni familia tu, ila Jumamosi mchana, wote wanakaribishwa nyumbani kula ngano ya kuchemsha, kama desturi yetu ya kumkumbuka marehemu. Wakishafika nitaeleza, tutacheka, watakuwa wangu.

Nayden kasikia habari mtaani, kagonga mlango kwa fimbo. “Mwalimu! Umekufa, au nikalale?” Nikafungua. Akanitazama juu hadi chini kwa uchungu. “Yaani umeamua kufa kabla yangu ili unipite tu!”

Ijumaa, 7 Novemba

Nayden naye amejiunga. Fremu nyeusi, tena nene kuliko yangu! Amepata pole mbili. Moja ya mpwa wake, anauliza nyumba kaachiwa nani. Nimelala vizuri mchana kutwa.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimechemsha ngano, nikainyunyizia sukari ya unga. Viti nimeazima kwa Nayden. Akavileta akinung'unika, kisha akakikalia kimoja. Mvua. Tukasubiri. Mvua. Chicago ni mbali, na walio karibu magoti yanawauma. Nayden akajilia ngano, akashuka kwake bila hata kunicheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Kengele! Mwanamke wa makamo, amelowa, mkononi maua sita meupe ya krisanthemamu. Kwetu maua mawili, manne, sita ni ya marehemu. Aliye hai hupewa witiri: moja, matatu, matano. Zdravka Mineva! Wa dawati la mwisho, niliyemfelisha mara mbili.

Hakupiga kelele. “Mwalimu, niko kwenye basi tangu asubuhi. Umekufa au hujafa?”

Nikasema bado.

“Basi huna adabu.” Akachomoa ua moja, akalitupa juu ya kabati la viatu, akanikabidhi matano. Akaketi, akala, akacheka hadi akatokwa machozi, kicheko kikaisha machozi yakabaki. Kumbe baada ya kumfelisha nilimwazima atlasi yangu. Nilishasahau. Anayo hadi leo.

Akaniapisha niandike kwamba niko hai. Watu wanijue nikiwa bado naweza kuwajibu. Nikaapa.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeandika. Wamenitukana, wamenifuta. Amebaki yule wa Varna. Anasema amefurahi mno, na je, ninayo ramani ya zamani ya visiwa vya mto Danube? Ninayo. Lakini ana miaka themanini na tano. Huyo atabeba nini?

Zdravka kapiga simu. Atakuja Jumatano na pai ya jibini, amlete mumewe tufahamiane. Nikaguswa sana. Nikamuuliza urefu wa mumewe. Nikauliza na mabega. Akasema, “Mwalimu, kunywa dawa ulale.”

Nimeliokota lile ua juu ya kabati la viatu. Limesinyaa kidogo tu. Nimelirudisha kwenye chombo, yakawa sita, nikakaa kando yake na tai yangu, nikajipiga picha mpya. Imetoka vizuri kuliko ya kwanza. Kosa lilikuwa mvua tu. Mara ijayo nitakufa majira ya machipuko, jua likiwaka.